Reli Isiyo na Mwanya: Safari ya Arobaini ya Mjomba, Dar es Salaam hadi Ujiji

Mjomba alifariki Ujiji alfajiri ya tarehe 7 Julai 2024. Simu ya binamu yangu ilinikuta Dar es Salaam, natia udhu. Nafasi ya ndege ya siku ile sikuipata, na kufika alasiri alikuwa keshazikwa. Sikumlaumu mtu. Maiti haicheleweshwi, ndivyo tulivyofundishwa, na yeye mwenyewe asingependa kungojwa. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa nikishtuka usiku na jambo moja kifuani: nilikuwa sijamjibu swali lake.

Swali nitalieleza, ila kwanza nimweleze yeye. Alikuwa kaka wa mama yangu, mzaliwa wa Ujiji, mwaka 1952. Mwaka 1973 alipata kibarua cha reli, enzi za shirika la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na reli zake, naye akabaki na sururu yake. Alistaafu mwaka 2007 akiwa mnyapara wa gengi. Kwa asiyejua, gengi ni kikosi cha watu wanaotunza kipande chao cha njia: wanakaza boliti, wanashindilia kokoto chini ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, wanazibua makalvati, mifereji ya maji chini ya njia, kabla ya masika. Abiria hawajui kama watu hao wapo. Wakiifanya kazi yao vizuri, hakuna kinachotokea, na treni inapita.

Baba alipofariki mwaka 1984 nilikuwa na miaka sita. Mama akanipeleka kwa kaka yake, Malongwe, stesheni ndogo ya porini mashariki ya Tabora. Nikalelewa katika nyumba za gengi mpaka nilipokwenda sekondari. Maji yalikuja kwa treni, kwenye behewa la tangi. Wakubwa wa kazi walikuja kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha relini. Usiku wa mvua Mjomba alitoka na kandili kwenda kuangalia kalvati, na mkewe hakulala mpaka aone ile taa inarudi.

Aliniita mjomba, nami nilimwita mjomba, kama desturi yetu ilivyo. Nimeishi miaka arobaini nikiitikia jina hilo kutoka kinywani mwake.

Sasa swali. Treni mpya ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, alinipigia simu. Sauti ilikuwa imeshakuwa nyembamba. Alikuwa amesikia kwamba reli zile zimeunganishwa kwa kuchomelewa, hazina maungio. Katika reli ya zamani, kati ya kipande na kipande huachwa mwanya mdogo, kwa sababu jua likiwaka chuma hurefuka. Ile ta-ta, ta-ta unayoisikia ndani ya behewa ni magurudumu yakivuka mianya hiyo. Nilipokuwa mtoto alinifundisha hivi: chuma nacho kinapumua, tunakiachia nafasi. Basi akaniuliza, "Mjomba, hiyo reli isiyo na mwanya inapumulia wapi? Ukipanda, sikiliza, uulize, uniambie." Nikamwahidi. Nilikuwa na kazi nyingi mwezi ule.

Kwa hiyo nilipoamua kwenda kwenye arobaini, niliamua kwenda kwa reli mwanzo hadi mwisho, mpya kwanza, kisha ile yake. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari dogo na picha za simu.

Siku ya kwanza, 10 Agosti: Dar es Salaam hadi Dodoma

Treni ya umeme ilikuwa na majuma machache tu tangu ifike Dodoma. Safari za abiria zilianza 25 Julai, siku kumi na nane baada ya kifo chake. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Begi langu lilikuwa na kanzu, ubani, kilo mbili za tende na viungo vya pilau kutoka Kariakoo, vilivyonukia hata mkaguzi akaniuliza kama naenda harusini. Nilimwambia naenda arobaini. Akafunga begi mwenyewe, taratibu, akaniambia, "Pole, kaka. Mungu amrehemu."

Kwa atakayesafiri: beba kitambulisho ulichokatia tiketi, na fika mapema. Mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, na mlango ukishafungwa hausubiri mtu.

Tulipotoka Pugu nikazima simu, nikafumba macho, nikasikiliza kama nilivyoagizwa. Hakuna ta-ta. Kuna mvumo mmoja mrefu, kama upepo ndani ya mtungi, na mlio mwembamba juu yake kila njia inapopinda. Kioo cha ndani ya behewa kilionyesha kilomita 158 kwa saa na maji kwenye chupa yangu yalikuwa yametulia. Nikairekodi sauti hiyo kwa dakika mbili, huku jirani yangu akinitazama bila kuelewa narekodi nini.

Baada ya Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki. Ukitoka, tazama chini upande wa mto: reli ya zamani inafuata bonde la Mkondoa, karibu kabisa na maji. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoibomoa, magengi yalikusanywa kutoka huku na huku kwenda kuijenga upya, na Mjomba alikuwa huko kwa majuma mengi. Alirudi Malongwe amekonda, miguu imechubuka kwa matope, na mwanawe wa mwisho akamlilia kwa kutomtambua. Mimi nilikuwa nimeshakuwa kijana mwenye kazi mjini, na nakumbuka sikumuuliza hata mara moja kule kulikuwaje.

Igandu tulipita upesi. Hapa ndipo mahali ambapo kila alipopita Mjomba alisimama ndani ya behewa, akivua kofia. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa mlima, ikarudi nyuma yenyewe na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Nikasimama. Nikasoma Fatiha, na mama mmoja aliyeketi ng'ambo akaitikia "amina" bila kuuliza ni ya nini.

Dodoma tulifika kabla ya adhuhuri. Safari ambayo utotoni ilikuwa usiku mzima, na asubuhi yake. Bajaji hadi stesheni ya zamani, katikati ya mji, 5,000. Nikakata tiketi ya kulala daraja la pili mpaka Kigoma, nikachukua chumba cha 25,000 karibu na hapo, nikala zabibu za 3,000 na kulala mapema.

Siku ya pili, 11 Agosti: Dodoma hadi Tabora

Treni ya zamani ilifika saa nne kasoro robo. Chumba cha daraja la pili kina vitanda sita, wanaume mbali, wanawake mbali. Tulikuwa watano: mzee wa Nguruka, mwalimu wa Urambo, vijana wawili waliokuwa wakienda Kigoma kutafuta kazi ya uvuvi, na mimi. Kabla ya Bahi tulikuwa tumeshajuana. Mzee alifungua kikopo cha asali, akachovya kipande cha mkate, akampa kila mmoja kabla ya kula yeye.

Beba blanketi. Watu wa pwani hawaamini kwamba Agosti usiku huko juu kuna baridi ya kukutoa machozi. Beba noti ndogo ndogo pia, maana chakula kizuri kipo dirishani na treni haisubiri chenji. Usiku funga dirisha wakati wa vituo.

Saranda ndipo treni inapojiandaa kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na ndipo wauza kuku wanapokuja na sinia kichwani. Nusu kuku na ugali, 7,000. Mjomba alikuwa na maneno yake kuhusu mlima huu: hapa dereva hasifiwi, inasifiwa njia. Nikaegemea mlangoni nikatazama kokoto zinavyopita polepole, mataruma ya chuma moja baada ya jingine, kila moja limeinuliwa na mkono wa mtu.

Baada ya Itigi, saa tisa na nusu hivi, tukasimama katikati ya vichaka. Hakuna stesheni, hakuna nyumba. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Watu wakaanza kunung'unika. Kijana mmoja akasema reli hii ingefungwa tu. Mfanyakazi wa treni akapita akieleza kwamba kuna gengi linarekebisha njia mbele, tuwe na subira.

Nikashuka. Sipendekezi mtu kushuka ovyo. Mimi niliomba ruhusa, nikaambiwa nisipite mbele ya kichwa cha treni. Nikaenda mpaka hapo, mita mia mbili katika jua.

Walikuwa kumi na mmoja. Reli ilikuwa imeinuliwa kwa jeki, wanne wanashindilia kokoto kwa sururu, wawili upande huu na wawili upande ule, zamu kwa zamu. Mlio ule! Sikuwa nimeusikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Ni mlio niliokuwa nikiamka nao kila siku ya kazi, chuma juu ya jiwe, pigo moja zito na jingine jepesi, na mtu mmoja anayetoa sauti ili wasipoteze mwendo. Nilisimama pale nikalia. Sikujificha.

Mnyapara wao, mtu mzima wa makamo mwenye kofia ya sufu, alikuja akanishika bega. "Vipi, mjomba? Umepatwa na nini?"

Aliniita mjomba. Ni neno la kawaida, kila mtu humwita nalo mtu asiyemjua. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo tangu Julai na nilichelewa kuitikia.

Nikamweleza. Hakumfahamu Mjomba, alianza kazi baada yake, ila kusikia Malongwe na mnyapara, akavua kofia. Akawaambia wenzake, "Huyu ni mtoto wa gengi." Wakanipa maji kwenye kikombe cha bati. Nami nikamwuliza lile swali: reli isiyo na mwanya inapumulia wapi?

Alifikiri kwanza. Halafu akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya reli iliyochemka kwa jua. Akaniambia haipumui. Inabanwa. Kule kwenye njia mpya mataruma ni ya zege, mazito, kila taruma limeishika reli kwa vibanio, na kokoto zimejazwa nyingi pembeni ili lisisogee hata kidogo. Na wakati wa kuichomelea wanaangalia joto la chuma, si siku ya baridi sana, si siku ya jua kali, iwe kati na kati. Jua likiwaka inataka kurefuka, baridi ikija inataka kufupika, na yote inayameza ndani kwa ndani. "Ina nguvu kubwa mle ndani," akasema. "Ndiyo maana nayo inataka watu wa kuitazama. Ukizilegeza kokoto zake siku ya joto, reli inapinda kama nyoka. Mwambie marehemu, kazi bado ipo."

Mwambie marehemu. Alisema hivyo bila kusita, kama anayempelekea salamu mtu wa kijiji cha jirani.

Nikataka kuwaachia elfu kumi ya sukari, wakakataa. Tende walizipokea, nusu ya mfuko. Kisha jeki ikashushwa, mnyapara akalala kifudifudi kutazama kama reli imekaa sawa, jicho moja amelifumba, kama alivyokuwa akilala Mjomba. Tulikuwa tumekaa saa moja na dakika hamsini. Treni ilipowapita walikuwa wamejipanga pembeni na vyombo vyao, nami nikapunga mkono mpaka kona ikawaficha. Tulipokuwa Malongwe, Mjomba alikuwa akirudi nyumbani na kusema, "Leo watatu wametupungia." Au wawili. Siku nyingi hakuna. Alizitaja idadi hizo wakati wa chakula, pamoja na habari nyingine za kazi.

Malongwe tulifika saa mbili na nusu usiku. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo siku nzima, na giza likaninyima. Niliona taa ya stesheni, kivuli cha miembe, tochi za wauzaji zikikimbia kando ya mabehewa. Nyumba za gengi zilikuwa upande wa pili, nyuma ya giza.

Mama mmoja alikuja dirishani na viazi vitamu vya kuchemsha. "Mwadila," nikamsalimu, Kinyamwezi changu kile kidogo kilichobaki. Akacheka, akauliza mgeni nimekijulia wapi. Nikamwambia nimelelewa hapa hapa, nyumba za gengi, kwa mnyapara fulani wa Ujiji. Akainua tochi kunitazama usoni.

"Yule aliyekuwa anapita na kandili?"

Huyo huyo. Nikamwambia amefariki. Akanyamaza, akaweka viazi vinne kwenye gazeti, kisha akaongeza cha tano. Nikatoa noti. Akaurudisha mkono wangu ndani ya dirisha.

"Mtoto wa gengi halipi viazi."

Treni ikavuta. Sikuwahi hata kumuuliza jina.

Siku ya tatu, 12 Agosti: Tabora hadi Ujiji

Tabora tulikaa muda mrefu usiku, mabehewa yakitenganishwa, ya Mwanza kivyake na ya Kigoma kivyake. Nililala. Mwalimu alishuka Urambo bila kutuamsha, akiwa ametuachia karanga mezani.

Baada ya Kaliua nikaamka na kuisikia: ta-ta, ta-ta, ta-ta. Safi kabisa, kama saa ya ukutani. Mjomba alikuwa na hesabu yake. Kipande cha reli kikiwa na mita 12, hesabu mianya kwa sekunde 43, idadi utakayopata ndiyo mwendo wa treni, kilomita kwa saa. Nilijaribu nikiwa kitandani, blanketi mpaka shingoni: 38. Nikajaribu tena: 41. Mzee wa Nguruka aliuliza nahesabu nini, nikamfundisha, na mpaka anashuka alikuwa akinitangazia mwendo wa treni kila baada ya muda.

Mto Malagarasi, kisha Uvinza, ambako wanauza chumvi ya pale pale, inayotoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Nilinunua kilo mbili za nyumbani. Kutoka hapo michikichi inaanza kuonekana na hewa inabadilika.

Kigoma tulifika mchana. Reli ilifika mji huu mwaka 1914 na jengo la stesheni ni la Wajerumani. Ukitoka tu, ziwa lile pale. Utotoni Mjomba alinisimulia kwamba meli ya Liemba ilipanda treni na mimi nikacheka, mpaka nilipokua nikajua ni kweli: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha hadi Dar, kisha ikasafirishwa kwa reli hii hii hadi Kigoma. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina jipya. "Imepita juu ya njia yangu," alikuwa akisema, ingawa ilipita kabla hajazaliwa.

Binamu alinipokea kwa pikipiki. Hatukusemezana mengi mpaka Ujiji.

Mkaza mjomba alikuwa eda, miezi minne na siku kumi. Basi tulizungumza yeye akiwa ndani na mimi barazani, pazia kati yetu. Mwanamke aliyeniogesha, aliyenitoa miiba miguuni. Sauti yake ikatoka nyuma ya kitambaa: "Umekula, mwanangu?" Ikafika sahani ya ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa lile, uliopikwa kwa mawese. Nikala huku tukinyamaza wote wawili. Baadaye akaniambia kwamba siku zake za mwisho Mjomba alikuwa akisikia treni kutoka kitandani, saa ambazo hakuna treni, na kumwomba amfungulie dirisha.

Siku ya nne, 13 Agosti: makaburini

Nilikwenda peke yangu baada ya swala ya alfajiri. Kaburi lilikuwa bado na udongo mwekundu uliotuna, na ubao mdogo. Miembe ya Ujiji ilikuwa imetoa maua na chini yake kulikuwa na harufu kali tamu.

Nikasoma Yasini. Nikaomba dua. Halafu nikachuchumaa karibu na kichwani na kumjibu.

Nilimwambia kwamba nimeipanda. Kwamba haisemi ta-ta, inavuma tu, mvumo mrefu. Kwamba haiachiwi mwanya, inabanwa kwa zege na vibanio na kokoto, na joto lote inalimeza ndani kwa ndani. Nilimwambia mnyapara wa Itigi anamsalimu na kwamba kazi bado ipo. Nilimwambia kuhusu mama wa viazi. Nilimwomba msamaha kwa Juni. Sikumchezea ile sauti ya simu. Niliitoa simu, nikaiona haifai mahali pale, nikairudisha mfukoni.

Jua lilipopanda nikaondoka.

14 na 15 Agosti: arobaini

Siku ya 14 ilikwenda sokoni: mchele, nyama, kuni, sufuria za kuazima. Mgeni wa Ujiji mwenye nafasi aende pia kwenye makumbusho ya Livingstone, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871; ni mwendo mfupi kwa mguu.

Hitma ilikuwa tarehe 15 baada ya alasiri. Juzuu thelathini ziligawanywa, kila mtu na yake, na uwanja mzima ukawa mvumo mmoja wa sauti zinazosoma pamoja. Mimi nilipata juzuu ya kumi na mbili. Wazee watatu wa reli walikuja, mmoja akitembelea magongo mawili, wamekaa pamoja kwenye jamvi la mwisho. Baada ya dua na pilau, mmoja wao akanieleza jambo nililokuwa sijalijua. Mwaka fulani wa masika, Mjomba alikuta udongo umeliwa na maji chini ya reli usiku, kilomita kadhaa kutoka Malongwe. Hakuwa na namna ya kupeleka habari stesheni kwa wakati. Akamtuma mwenzake akimbie upande mmoja, yeye akakimbia upande mwingine na kandili iliyofungwa kitambaa chekundu, akasimama katikati ya njia mpaka treni ikasimama. Ilikuwa ya abiria. Watu waliamka, wakauliza kwa nini tumesimama, wakalala tena.

"Hakukusimulia?" mzee akauliza.

Hakunisimulia. Labda siku ile alirudi, akavua viatu, akasema kuna waliompungia au hakuna.

17 hadi 19 Agosti: kurudi

Jumla ya matumizi yangu ya njiani, ukiacha tiketi za treni na mchango wa hitma, ilikuwa kama 140,000, zaidi ikiwa ni dagaa. Ukinunua dagaa Kigoma, nunua waliokaushwa vizuri, wavunjike ukiwakunja, na uwafunge vizuri kwenye mfuko wa karatasi. Vinginevyo chumba chote cha treni kitajua. Mimi nilifunga vifurushi viwili. Kimoja cha nyumbani.

Treni ilitoka Kigoma jioni, na Malongwe tukafika asubuhi, jua limeshatoka. Safari hii niliiona. Nyumba tano za gengi mstari mmoja, tatu hazina mabati, ukuta wa nne umeanguka nusu. Ya kwetu, ya pili kutoka kisimani, ilikuwa na mlango mpya wa mbao na shuka la mtoto limeanikwa nje. Kuna watu wanaishi. Picha niliyopiga imetikisika.

Yule mama sikumwona. Nilikimbia kando ya behewa nikiuliza wauza viazi, mpaka binti mmoja wa miaka kumi hivi, mwenye beseni la karanga, aliposema kwamba bibi yake ndiye huuza usiku, asubuhi hulala.

"Mwangaluka," nikamsalimu, nikampa kile kifurushi cha pili cha dagaa.

Akakinusa. "Nimwambie zimetoka kwa nani?"

Treni ilikuwa imeshaanza kusogea. Nikashika chuma cha mlango, nikapanda.

"Mwambie mtoto wa gengi."